Diski Iliyokataa Video ya Koko

Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu. Nilitaka niandike habari za mpira, lakini watu watatu wameniuliza swali moja: "Kwa nini diski inakataa faili langu na nafasi bado ipo?" Basi nawajibu wote mara moja. Na niwaeleze pia vile nilivyokaribia kupoteza sauti ya mtu ambaye hatutaweza kumrekodi tena.

Wengi wenu mlimjua Koko. Sisi Wakongomani twasema koko, wengine mtasema bibi au nyanya. Mwaka jana alikubali kukaa mbele ya kamera yetu, chini ya mwembe wake, akasimulia saa mbili na dakika kumi. Alitaja majina ya watu wa ukoo wake mpaka kizazi cha nne. Alitaja nani alizaliwa wapi, nani alizikwa wapi, nani walipotezana naye njiani. Hakuna karatasi yenye majina hayo. Karatasi zilibaki nyumbani Kongo, na nyumba yenyewe haipo.

Kamera yetu ya zamani ilimrekodi kwa vipande vitatu, maana kadi yake inakata faili kila likikaribia GB 4. Kumbuka namba hiyo, tutarudi kwake. Mimi nikaviunganisha kwenye laptopu ya kundi, nikapata faili moja zuri la GB 9 na nusu. Halafu kukawa na harusi Jumamosi, kadi imejaa. Nikafuta vile vipande. Nilijiambia kazi imekwisha, video iko kwenye laptopu.

Koko alifariki miezi michache baadaye. Binti yake, mama mmoja mnamjua, akaja kwangu siku ya Alhamisi jioni. Safari yao ya kwenda kuishi nchi nyingine imepangwa, Jumatatu asubuhi wanapanda basi la Kampala. Akaniambia, "Mwanangu, sina kitu kingine cha mama. Nipe ile video, watoto wasije wakasahau." Nikamjibu, "Hakuna shida, mama. Kesho."

Ijumaa nikachomeka diski ya nje ya kundi. Nilitaka kwanza nihifadhi nakala yetu humo. Ni diski ya TB 1, na ilikuwa na zaidi ya GB 600 wazi. Nikakopi, nikapesti. Haikufika hata asilimia moja, ujumbe ukatokea kwa Kiingereza: faili ni kubwa mno kwa mfumo wa pale linapokwenda. Kubwa mno? GB 9 na nusu ndani ya GB 600? Nikajaribu tena, jibu lile lile. Nikazima laptopu, nikawasha, hakuna. Nikajaribu flashi ya rafiki yangu ya GB 32, nayo ikakataa hivyo hivyo.

Rafiki akasema, "Bana, hiyo diski ni feki." Sikumcheka, maana feki zipo. Kuna flashi na diski zinazouzwa zimeandikwa TB 1 au 2, kumbe ndani ni GB 32. Zimechezewa ili zidanganye kompyuta. Unajaza faili, zinaonekana zimeingia, majina yote unayaona, ila ukifungua hakuna kitu. Dawa yake ni kuipima ikiwa tupu, kabla ya kuiamini. Programu ya bure kama H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, inaijaza yote kisha inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Lakini yetu ilikuwa na kazi zetu za miaka mitatu na zote zilifunguka. Tatizo lilikuwa jingine.

Jumamosi alfajiri nikapanda taksi kwenda Mbarara na laptopu, diski na waya kwenye begi. Mnaijua njia: vumbi mpaka Isingiro, halafu lami. Nikaenda kwa duka dogo la kutengeneza kompyuta ambapo kulikuwa na kijana na dada mmoja. Yule kijana akaangalia sekunde chache tu, akasema, "Hii ni rahisi. Tunafomati, dakika mbili." Na alikuwa sahihi kwa upande mmoja. Kufomati kungeondoa tatizo. Mshale wa mausi ulikuwa tayari juu ya kile kitufe.

Yule dada fundi alikuwa anafungua simu pembeni. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kifupi cha Mbarara, "Ssebo, hivi vilivyomo, viko wapi pengine?"

Nikasema, "Viko humu tu."

Kijana akatoa mkono kwenye mausi.

Nataka tukae hapo kidogo. Mle ndani mlikuwa na picha za kundi tangu tuanze, harusi za watu, mazishi ya watu. Mlikuwa na nakala za vyeti vya shule ambazo vijana wa Kongo na Burundi walituletea tuwatunzie, wengine asili yake imeshapotea. Sisi tuliita hiyo diski "bakap". Lakini kitu kikiwa mahali pamoja tu, jina la bakap halikisaidii. Ni kitu kimoja kinachongoja kuanguka. Mimi nilikuwa nimeibeba kwenye begi, kwenye taksi, katikati ya kuku na magunia ya viazi.

Dada akanieleza kilichokuwa kinakataa, na tangu siku hiyo mimi nawaeleza wengine hivi. Kila diski ina mfumo wa kuandikisha faili, yaani daftari linalosema faili fulani liko wapi na lina ukubwa gani. Diski yetu ilikuwa na mfumo unaoitwa FAT32, wa mwaka 1996. Daftari hilo limeweka nafasi maalumu ya kuandika ukubwa wa faili, na namba kubwa kabisa inayoweza kuenea pale ni baiti 4,294,967,295, ndiyo GB 4 kasoro baiti moja. Faili likizidi hapo, haliandikiki. Sisi tunaelewa hili vizuri. Fomu ina mistari kumi ya majina, familia ina watu kumi na wawili. Uwanja una nafasi ya kujenga, chakula kipo, lakini fomu imekwisha. Tatizo ni fomu.

Ndiyo maana kamera ilikuwa inakata kila ikikaribia GB 4! Kadi yake nayo ni FAT32. Vile vipande vitatu vingeingia kwenye diski bila neno. Mimi ndiye niliyeviunganisha, kisha nikavifuta.

Sasa, ukikutana na shida hii, njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kufomati diski kwa mfumo wa exFAT, ambao unapokea faili kubwa na unasomeka kwenye Windows, Mac na Linux za miaka hii. Lakini kufomati kunafuta vyote. Fanya hivyo kwa diski tupu tu, au ile ambayo vitu vyake umeshaviweka pengine na umevifungua ukaona viko sawa.

Ya pili ni kugeuza bila kufuta. Windows ina amri ya kugeuza FAT32 iwe NTFS na faili zikabaki. Inafanya kazi, ila umeme ukikatika katikati unaweza kulia. Pia Mac inasoma NTFS lakini kwa kawaida haiandiki humo. Kama ndiyo nakala yako pekee, usicheze nayo.

Ya tatu ni kulikata faili. Programu ya bure inayoitwa 7-Zip inaweza kuligawa faili kubwa vipande vya GB 3, ukavikopi, na kule vinakokwenda ukaviunganisha tena. Ni njia ya maskini, na ni nzuri sana. Ila vipande vyote lazima vifike. Kikikosekana kimoja, umekosa faili zima.

Siku ile tulitumia mbili. Video ya Koko tuliigawa kwa 7-Zip tukaweka vipande kwenye diski ya kundi. Kwa ajili ya familia nilinunua flashi mpya ya GB 64, dada akaipima, akaifomati exFAT kwa kuwa haikuwa na kitu, tukaanza kukopi faili zima.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Flashi ya bei yetu inaandika polepole. Mstari ukaenda, ukaenda, mimi naangalia saa kwa sababu taksi ya kurudi haingojei mtu. Ukafika asilimia 100. Nikachomoa, nikashukuru, nikakimbia.

Usiku nyumbani, nikafungua video kutoka kwenye flashi. Koko akatokea, akasalimia, akacheka. Nikaruka katikati. Kwenye saa moja na dakika kumi na mbili picha ikaganda. Nikasogeza mbele, giza. Nilijua sehemu ile kwa kichwa. Ndipo anapoanza kutaja watoto wake waliobaki, mmoja mmoja.

Kumbe asilimia 100 haimaanishi imekwisha. Kompyuta inaweza kupokea faili kwenye kumbukumbu yake ya muda, ikakuambia tayari, huku nyuma bado inaandika. Mambo haya yanatokea sana kwenye Linux, lakini hata kwenye Windows usijiamini. Ndiyo maana kuna ile alama ya kuondoa diski kwa usalama. Mimi nilikuwa naiona kama mapambo. Ibofye, ungoje ikuambie unaweza kuchomoa. Flashi ikiwa na taa, ngoja iache kupepesa.

Bahati ni kwamba nilikuwa nimekopi, sikukata. Nisikilizeni hapa, vijana: kwa kitu cha thamani tumia kukopi, usitumie kukata na kupesti. Ukikopi na safari ikaharibika, asili yako bado iko nyumbani. Ya kufuta utafuta kesho, ukishahakikisha.

Jumapili nikarudia. Nikachaji laptopu mchana kutwa kwenye sola ya jirani, nikazima ile tabia yake ya kulala ikikaa dakika kumi, maana kompyuta ikilala, kukopi nako kunaweza kukatika. Nikakopi, nikaondoa flashi kwa usalama, nikaichomeka tena, ndipo nikaanza kuhakiki.

Kuhakiki kuna ngazi tatu. Kwanza linganisha ukubwa kwa baiti, siyo kwa GB. Namba zote ziwe sawa mpaka ya mwisho. Pili, fungua. Video iangalie mwanzo, katikati na mwisho. Picha fungua chache za kila folda. Tatu ni alama ya kidole. Mnakumbuka siku za kuhakikiwa, tunavyoweka vidole kwenye mashine ili ijulikane huyu ni yule yule? Faili nalo lina kidole chake. Kwenye Windows unaandika amri ya certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, nayo inakupa mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Fanya kwa asili, fanya kwa nakala. Ikitofautiana hata herufi moja, nakala siyo yenyewe. Vidole vya Koko vililingana. Nikaangalia tena ile sehemu ya dakika kumi na mbili, nikamsikiliza mpaka jina la mwisho.

Jumatatu nikampa mama flashi kabla ya basi. Akaifunga kwenye kona ya kitenge. Halafu akaniuliza swali lile lile la dada wa Mbarara, bila kujua: "Na wewe, umebaki nayo?" Nikasema ndiyo, mama, mahali pawili.

Wiki sita baadaye laptopu ya kundi ilizima tukiwa kwenye kikao, haikuwaka tena. Fundi alisema diski yake ya ndani imekufa. Hebu hesabu: kama ningekawia, au kama tungefomati ile siku, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Tangu hapo tulichanga, tukanunua diski ya pili, tukaazima kompyuta ya rafiki ili tuhamishe vyote. Kazi hiyo nayo ilitusumbua, na haya ndiyo niliyojifunza.

Diski ya nje ya kuzunguka inakula umeme kupitia ule ule waya wa USB. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900, ambalo mara nyingi rangi yake ndani ni bluu. Yetu ilikuwa inajitokeza na kupotea, inakata ikifika katikati. Tulifikiri imekufa. Kumbe waya ulikuwa mrefu na mwembamba, na tulikuwa tumepitia kigawanyio chenye flashi nyingine mbili. Tukabadilisha waya ukawa mfupi, tukachomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, ikatulia. Kwa hiyo kabla ya kulaumu diski, badilisha waya, badilisha tundu, jaribu kompyuta nyingine. Ila ukisikia inagonga tik, tik, tik, acha mara moja. Usiilazimishe. Kila dakika inayozunguka inaweza kujiharibu zaidi. Kama ina nakala pekee, zima uitafutie fundi wa kweli.

Piga hesabu ya muda kabla hujaanza. Kwa USB 2.0 ukipata MB 30 kwa sekunde umebahatika. GB 100 ni karibu saa nzima. Tulikuwa na GB 400, yaani karibu saa nne. Betri ya kompyuta yetu haifiki hapo, na sola baada ya jua kuzama ni ya kuomba Mungu. Hivyo tulianza saa tatu asubuhi, folda moja moja, na kwenye daftari la karatasi tukaweka alama kwa kila folda iliyofika na kuhakikiwa. Umeme ukikatika unajua umeishia wapi. Kwa anayependa amri, robocopy kwenye Windows na rsync kwenye Linux zinaweza kuendelea na zilizobaki bila kurudia zilizokwisha kufika.

Picha ndogo elfu tano zinachelewa kuliko video moja yenye uzito huo huo, kwa sababu kila faili linaandikishwa peke yake, kama watu elfu tano kwenye foleni ya dirisha moja. Zifunge kwanza kwenye faili moja la zip, zitapita haraka.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa nina maneno mawili kwenu. La kwanza: mkituletea laptopu kwa mradi, tunashukuru, lakini wekeni na diski mbili kwenye bajeti. Moja haitoshi. Hatuna intaneti ya kupandisha GB 400 mtandaoni, bando lenyewe mnalijua. La pili: tunachohifadhi ni nyuso na majina ya watu waliokimbia. Ikiangukia mkono mbaya, kuna mtu anaweza kuumia. Diski zetu sasa zina nenosiri kwa VeraCrypt, na nenosiri linajulikana na watu wawili, siyo mmoja. Nenosiri likipotea, vitu navyo vimepotea. Wala hatuachi tena diski kwa fundi tukaenda kula, tunakaa nayo.

Leo vitu vyetu viko mahali patatu. Diski moja iko Base Camp, ndani ya boksi la plastiki, juu ya meza, mbali na ukuta unaovuja. Ya pili iko Mbarara kwa mtu tunayemwamini, kwa sababu moto au mvua ya Nakivale haifiki kule. Na zile faili chache ambazo hazina mbadala kabisa, kama ya Koko, ziko pia kwenye flashi ya tatu. Kila mwisho wa mwezi wa tatu tunazifungua, maana diski iliyokaa kabatini nayo inaweza kufa kimya kimya.

Mwaliko wangu ni huu. Jumamosi hii nitakuwa pale pale tunapokutana, kuanzia saa nne, na waya mfupi na ile laptopu ya kuazima. Ukiwa na video ya mzazi, cheti, sauti ya mtu kwenye simu iliyopasuka kioo, njoo nayo na flashi yako. Nitakuuliza swali moja kabla sijagusa kitu: hivi vilivyomo, viko wapi pengine?